Senti za Msiba na Kumbukumbu za Ukoo Kariakoo

Mjukuu wa mtu aliyepanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, miaka ya 1940 leo huenda anaishi Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto. Akiamua kuutafuta ukoo wake, kabla hajauliza babu alitokea wapi hukutana na hesabu ya nauli, ada za ofisi, kopi za nyaraka, vocha ya kuwapigia simu ndugu wa mbali, na siku za kazi atakazozikosa akiwa kwenye foleni. Wengi huishia hapo. Husema kwamba kutafuta asili ni shughuli ya wenye nacho, na kwamba mtu wa kawaida aridhike na yale machache aliyoyasikia kwa wazazi. Historia ya Kariakoo inasema vingine. Katika mji huu wa wahamiaji, kumbukumbu ya nani ni ndugu wa nani haikuwahi kugharamiwa na serikali wala na matajiri. Iligharamiwa na watu wa kipato kidogo, kwa senti walizochangishana ili wazikane na warithishane. Kwa hiyo anayetafuta ukoo kwa fedha kidogo anatumia njia ileile iliyozihifadhi habari hizo, na akiifuata kwa mpango itamfikisha mbali kuliko fedha nyingi zinazotumika ovyo.

Ili kuiona hoja hiyo, lazima kwanza tuone jinsi wakazi wa Kariakoo walivyokusanyika. Dar es Salaam yenyewe ni mji mchanga. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima, na alipofariki mwaka 1870 kazi ikasimama. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na hapo ndipo watu wakaanza kumiminika: Wazaramo kutoka vijiji vya jirani, Wanyamwezi waliozoea njia za misafara, Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo, Wayao na watu wa Nyasa, askari wa kukodiwa kutoka Sudan na Msumbiji. Eneo tunaloliita Kariakoo lilikuwa sehemu ya shamba la mlowezi wa Kijerumani aliyeitwa Schoeller, na serikali ililitwaa kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza ili lipimwe viwanja vya Waafrika. Jengo la soko lilikuwa limeshainuliwa vita vilipozuka. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 walilifanya eneo hilo kambi ya wapagazi wa jeshi, na jina la kikosi hicho cha wapagazi ndilo lililobaki kuwa jina la mtaa. Soko lilifunguliwa mwaka 1923. Kwa mpango wa kikoloni wa kuutenga mji kwa rangi, Wazungu walikaa upande wao wa bahari, Wahindi wakapata eneo la biashara, na Waafrika wakawekwa Kariakoo na baadaye Ilala, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama mpaka.

Wapagazi waliolipa eneo hili jina lake ndio ushahidi wa kwanza wa kile ambacho dola iliona kinafaa kuandikwa na kile ilichoona hakifai. Upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki uliwatumia wapagazi karibu milioni moja, na waliokufa kwa kuhara, njaa na uchovu wanakadiriwa kufika laki moja au karibu yake. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 inawataja kwa jumla, bila majina. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, na pengine wapatao 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wenzao wa Ulaya walipata kila mmoja jiwe lake au mstari wake ukutani. Mjukuu wa mpagazi anaweza kupanda ndege hadi London na kulipa mtafiti wa kitaalamu, na bado asilipate jina la babu yake, kwa sababu halikuandikwa. Fedha haiwezi kununua karatasi ambayo haikuwahi kuwapo.

Hata karatasi zilizokuwapo zilikuwa na madhumuni yake. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba na vibanda mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza wakaiendeleza chini ya sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa. Karani aliandika jina la mwanamume mlipaji, mara nyingi na kabila lake na jumbe wake, kwa sababu hayo yalitosha kumdai mwaka unaofuata. Mke, dada na mama mzazi hawakuwa na nafasi kwenye risiti. Usajili wa vizazi na vifo uliwekewa sheria mapema katika utawala wa Waingereza, lakini kwa miongo mingi haukuwa wa lazima kwa Waafrika walio wengi. Pengo hilo liliendelea baada ya uhuru kwa muda mrefu sana: utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa walikuwa takriban asilimia 16 tu. Mtu anayeanza utafutaji wake kwa kulipia upekuzi wa vyeti vya kuzaliwa vya babu na bibi, basi, ananunua tiketi ya safari ambayo basi lake halikuwahi kuondoka. Afadhali afahamu tangu mwanzo kwamba hapo hapana kitu, azielekeze shilingi zake kwingine.

Kwingine huko ni kwenye mambo ambayo wakazi wenyewe waliyalipia. Mhamiaji aliyefika Kariakoo katika miaka ya 1920 au 1930 alikuwa na hofu moja kubwa kuliko zote, nayo ni kufa ugenini na kuzikwa na manispaa kama mtu asiye na watu. Kwa hofu hiyo vikazaliwa vyama. Ngoma za beni, zenye makundi yake mashuhuri ya Marini na Arinoti, zilikuwa na vyeo, michango na matawi katika miji mbalimbali, na pamoja na kucheza zilisaidiana katika ugonjwa na maziko. Vyama vya watu wa asili moja, wakiwamo Wazaramo, Wanyamwezi, Wapogoro na Wamanyema, vilikusanya ada ndogo ndogo, na kazi yao iliyoonekana zaidi ilikuwa kununua sanda, kulipa wachimba kaburi na kuwapelekea habari ndugu wa bara. Desturi ya utani nayo ilifanya kazi hiyohiyo. Mnyamwezi na Mzaramo waliokuwa watani, kwa mahusiano yaliyotokana na misafara ya karne ya 19, walitakiwa kuhudumiana msibani, na mtani hawezi kutimiza wajibu wake bila kujua marehemu ni wa watu gani. Ili chama kikuzike, lazima kikujue: jina lako, la baba yako, kwenu ni wapi, na nani apelekewe taarifa. Taarifa hizo nne ndizo hasa mtafuta ukoo anazozitaka leo, na zilikusanywa kwa ada ya mwanachama.

Vyama vya kikabila vilikosa nafasi katika siasa ya taifa baada ya uhuru, lakini wajibu wa kuzikana haukufa. Umebaki katika vikundi vya kufa na kuzikana, katika jumuiya za misikiti na makanisa, na katika kitu kidogo ambacho kila mkazi wa Dar es Salaam amekiona: daftari la rambirambi. Ni daftari la kawaida la shule, mara nyingi lenye mistari iliyochorwa kwa rula kutenga jina na kiasi. Mwandishi wake huketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango au chini ya turubai, na kila anayetoa mchango hutajwa: jina, mtaa anaotoka, na wakati mwingine uhusiano, kama vile "shemeji, Ilala" au "wajukuu wa Bibi, Kisarawe". Wanaoandikwa kwa pamoja ni wale wanaojihesabu kuwa nyumba moja. Matanga yakiisha hesabu hufungwa, na daftari huwekwa kwenye sanduku au juu ya kabati, kwa sababu deni la msiba hulipwa kwa msiba na lazima ijulikane nani alikuja. Familia yenye madaftari matatu au manne ya miaka tofauti ina orodha ya jamaa, marafiki na majirani ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyowahi kuitengeneza. Kuyasoma hakuna ada. Kinachotakiwa ni kuomba kwa adabu, na kupiga picha kila ukurasa kwa simu kabla mchwa au mafuriko ya Jangwani hayajaumaliza.

Ibada nayo imeacha alama za namna hiyo. Kwa Waislamu, ambao walikuwa wengi katika Kariakoo ya zamani, familia inayosoma hitima huwa na karatasi yenye majina ya marehemu wao wa kuombewa, na karatasi hiyo hunakiliwa upya inapochakaa. Katika talkini marehemu huitwa kwa jina la mama yake, kwa hiyo jina la kike ambalo karani wa kodi hakulijali lilitakiwa likumbukwe na mtu fulani siku ya maziko. Wakristo wana vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa, vyenye majina ya wazazi na wasimamizi. Makanisa makubwa ya mjini, la Mtakatifu Yosefu na la Kilutheri la Azania Front, yalijengwa wakati wa Wajerumani, na mapadri na wachungaji walizoea kuandika. Kwa kawaida anayekwenda ofisi ya parokia na tarehe ya kukisia na jina kamili husaidiwa kwa gharama ndogo. Anayekwenda bila tarehe humlazimisha katibu kufunua vitabu vya miaka mingi, na si ajabu akaambiwa arudi wiki ijayo, akalipa nauli mara mbili.

Baada ya msiba inakuja nyumba. Kariakoo iliyodumu hadi miaka ya 1980 na zaidi ilikuwa mji wa nyumba za Kiswahili: ukumbi unaokata katikati kutoka barazani hadi uani, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na baadhi ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake waliojitafutia wenyewe. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya mji huu mwaka 1956 na 1957 na kuuchapisha mwaka 1963, aliandika kwa kirefu juu ya nyumba hizo na mchanganyiko wa watu waliokaa ndani yake. Wakati huo mji mzima ulikuwa na watu 128,742 kwa sensa ya 1957. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Kwa mtafuta ukoo nyumba ya namna hiyo ni hazina kwa sababu iliwaweka pamoja watu wasio ndugu kwa miaka mingi, na mpangaji wa chumba cha pili anaweza kujua habari za bibi yako ambazo watoto wake walifichwa. Nyingi zimevunjwa zikawa ghorofa za maduka, na wapangaji wametawanyika. Lakini kiwanja hakihami. Kina namba na kitalu, kina historia ya umiliki, na mara nyingi kina kesi.

Kesi hizo ndizo karatasi zenye thamani kubwa kuliko zote kwa mtu mwenye fedha chache. Mwenye nyumba akifariki, mmoja wa jamaa huenda mahakama ya mwanzo kuomba kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na katika vitu anavyotakiwa kupeleka ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo hutaja waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, wake aliowaoa, watoto wa kila mke, na ndugu wanaobaki. Huwekwa sahihi au alama ya dole gumba na kila mmoja. Kisha mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hapo mara nyingine hujitokeza tawi zima la familia ambalo wengine hawakulijua: mtoto wa nje, binamu kutoka Rufiji, mke aliyeachwa Tabora. Kwa kuwa ardhi ya Kariakoo imepanda bei mno tangu maduka ya ghorofa yaanze kuota, mirathi yake hugombewa kwa makini, na ushahidi wa nasaba hupimwa mbele ya hakimu. Jalada moja la mirathi lililo na utata linaweza kutoa vizazi vitatu vya ukoo vilivyokwisha kuhojiwa na upande wa pili. Mara nyingi nakala yake ipo nyumbani kwa msimamizi, ndani ya bahasha ya kaki, na kuiona hakugharimu kitu isipokuwa uvumilivu wa kuongea na ndugu ambaye pengine hamsalimiani.

Ukoo wa Kariakoo ambao historia yake imeandikwa vizuri kuliko mwingine wowote unaonyesha jinsi kumbukumbu hizo zinavyoweza kupanda hadi kitabuni. Kleist Sykes alizaliwa mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuja kutoka Msumbiji na kikosi cha mamluki walioletwa na kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann mwaka 1889. Kleist alipigana upande wa Wajerumani katika vita, akafanya kazi reli, akawa katibu mwanzilishi wa African Association mwaka 1929, na kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia maandishi hayo kuandika wasifu wa babu yake uliotoka mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said alitoa kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist aliyewahi kuwa mkuu wa soko la Kariakoo, na baadaye kikapatikana kwa Kiswahili. Mtu anaweza kusema kwamba hawa walikuwa watu wenye nafasi, na ni kweli. Hata hivyo chanzo cha vyote hivyo ni mzee mmoja aliyechukua kalamu na karatasi, na mjukuu aliyezithamini karatasi hizo akaziuliza maswali. Ukwasi wa familia ulisaidia kazi isomwe na wengi. Lakini kilichoizuia isipotee ni maandishi ya mkono yaliyotunzwa nyumbani, na hilo lipo ndani ya uwezo wa familia yoyote inayoweza kununua daftari.

Pingamizi la kwanza dhidi ya njia hii ni kwamba maneno ya wazee hayaaminiki. Watu husahau, hutia chumvi, hujipatia asili tukufu. Pingamizi hili lina uzito, hasa Kariakoo, ambako wahamiaji walibadili majina waliposilimu au kubatizwa, na ambako neno la kabila kama Manyema lilibeba watu wa makabila mengi ya Kongo. Lakini karatasi nazo zilitokana na maneno yaleyale. Karani wa kodi aliandika kabila aliloambiwa. Padri aliandika umri aliokisia. Hakimu alipokea orodha ya warithi kutoka kwa mmoja wao mwenye maslahi. Njia ya kupima ukweli haitegemei bei ya chanzo. Inategemea idadi ya vyanzo visivyojuana vinavyosema jambo moja. Shangazi wa Kigamboni akitaja jina ambalo lipo kwenye karatasi ya hitima ya Ilala na kwenye muhtasari wa mirathi wa mwaka 1978, jina hilo limethibitika kuliko cheti kimoja kilichogongwa muhuri. Anayekwenda kwa wazee watatu wa matawi tofauti, akamuuliza kila mmoja peke yake na kurekodi kwa simu, anafanya kazi ileile ya mwanahistoria, tena kwa nauli ya mwendokasi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoona kwamba intaneti na vipimo vya vinasaba vimemaliza tatizo. Zipo kumbukumbu za bure mtandaoni, na si vizuri kuzidharau. Lakini nyingi zimejengwa kwa desturi ya jina la ukoo linaloshuka bila kubadilika, na watu wetu hawakuitana hivyo. Juma Ramadhani Saidi ni Juma, mtoto wa Ramadhani, mtoto wa Saidi; mtoto wa Juma atakuwa Ali Juma Ramadhani, na jina la Saidi limeshatoka. Ukitafuta kwa jina la mwisho unapata maelfu wasiohusiana na kuwakosa ndugu zako wa damu. Ukijua mfumo huu, mlolongo huohuo unakuwa msaada, maana kitambulisho kimoja cha babu hutoa vizazi vitatu bila malipo. Kipimo cha vinasaba, kwa upande wake, hugharimu makumi ya dola na usafirishaji juu yake, na hulinganisha damu yako na ya watu waliokwisha kupima. Kwa kuwa jamaa zetu waliopima ni wachache, majibu mara nyingi huishia kwenye asilimia za eneo pana la bara. Hayatakuambia bibi yako alifika Kariakoo na nani, wala kwa nini hakurudi kwao. Kwa fedha hiyohiyo mtu anaweza kwenda Kilosa au Mahenge kumwona nduguye wa mwisho anayejua makaburi yalipo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, kwa sababu ni la haki. Husemwa kwamba familia inayohesabu unga haina sababu ya kutumia hata nauli moja kufukua ya kale, na kwamba mengine yaliyozikwa yana aibu, hasa ya utumwa. Juu ya la kwanza, jibu liko kwenye majalada ya mirathi. Mjini hapa kutojua ukoo kumewagharimu maskini kuliko kuujua. Wajane na mayatima waliokosa ushahidi wa uhusiano wao ndio waliotoka mikono mitupu nyumba za Kariakoo zilipouzwa, na elimu ya nasaba ni sehemu ya mali yao kama ilivyo hati ya kiwanja. Juu ya la pili, ni kweli kwamba baadhi ya waliojaza mitaa hii walifika pwani wakiwa watumwa au watoto wa watumwa. Wajerumani walitoa makumi ya maelfu ya hati za uhuru bila kuufuta utumwa wenyewe, na sheria ya kuukomesha kabisa ilikuja mwaka 1922 chini ya Waingereza. Aibu ya jambo hilo ni ya waliowauza. Hata hivyo mzee anayenyamaza ana haki ya kunyamaza, na mtafutaji mwenye adabu hamlazimishi wala hasambazi alichoambiwa kwa siri kwenye kundi la WhatsApp la familia. Jambo lililopokelewa kwa amana linaweza kuandikwa na kufungwa, lisomwe baada ya mwenyewe kuondoka, akiridhia.

Kutokana na ushahidi huu, utaratibu wa matumizi unajipanga wenyewe. Fedha ya kwanza iende kwa watu wazima wenye umri mkubwa zaidi, kwa kuwa wao peke yao hawana nakala. Inayofuata iende kwenye karatasi zilizo mikononi mwa ndugu: madaftari ya rambirambi, orodha za hitima, risiti za kodi, kadi za TANU, barua, picha zenye maandishi nyuma, mihtasari ya vikao vya ukoo. Ofisi zije baadaye, na kila moja ipelekewe swali linalojibika. RITA, wakala wa serikali wa usajili ulioanza kazi mwaka 2006, hushughulikia vizazi, vifo na ndoa, na pia hutunza kumbukumbu za wadhamini wa taasisi, kwa hiyo babu aliyekuwa mdhamini wa msikiti anaweza kupatikana kwa mlango huo hata kama hana cheti. Sheria ya vyama ya mwaka 1954 ilivitaka vyama vijiandikishe, na viongozi wa chama cha maziko walitakiwa kujulikana kwa majina. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyo Upanga, si mbali na Kariakoo, ina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, na kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka za umma hufunguliwa kwa kawaida baada ya miaka 30. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967 kwenye barabara ya Bibi Titi Mohamed, iko mwendo wa miguu kutoka sokoni, na magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na Kwetu la Erica Fiah, lililoanza mwaka 1937, yalichapisha barua za watu wa kawaida kwa majina yao. Anayefika kwenye taasisi hizo akiwa na jina kamili, mtaa, mwaka wa kukisia na aina ya jalada analotaka humaliza kwa siku moja kazi ambayo mwenzake asiye na hayo hulipia kwa mwezi.

Na gharama hiyo isibebwe na mtu mmoja. Hapa ndipo historia ya Kariakoo inatoa fundisho lake la wazi kabisa. Hakuna mhamiaji aliyejizika mwenyewe. Alichangiwa, na kwa kuchangiwa akaandikwa. Familia zinazoendesha vikoba na michezo ya kila wiki zinaweza kutenga fungu dogo la kazi hii kama zinavyotenga la msiba: binamu mmoja alipie nauli ya kwenda mahakamani, mwingine kopi, wa tatu aliye ughaibuni atume vocha, na kijana mwenye simu nzuri arekodi. Kinachopatikana kinakiliwe na kugawanywa kwa matawi yote, ili moto, mafuriko au bomoabomoa ya nyumba moja isiangamize yote. Soko lenyewe liliungua Julai 2021, na nyumba za Kiswahili zinazobaki zinazidi kupungua. Wazee waliozaliwa kabla ya uhuru wanapungua haraka kuliko nyumba. Kwa kila ukoo wenye asili Kariakoo, matumizi ya busara ya fedha kidogo iliyopo ni kuitoa mwaka huu, ikiwa ya wengi, na kuanza na mzee aliye karibu.